Kitabu cha Kipandauso Barazani kwa Mjomba

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Mabibo yalikuwa yameoza chini ya mikorosho, kijiji kizima cha Mkunya kinanuka pombe kabla mtu hajapika pombe. Mimi, mke mgeni kutoka Lupaso, nimekaa mkekani barazani kwa mjomba wa mume wangu, nasubiri kuambiwa kama nitabaki au nitarudishwa kwetu. Nilihesabu waliokuja. Nikahesabu tena, maana mtu wa sokoni haamini hesabu ya kwanza. Upande wangu nilikuwa mimi na kitabu.

Kosa langu lilikuwa kichwa. Kila msimu wa korosho ulipochanganya, kilinishika upande mmoja, nyuma ya jicho, kikigonga kama mtu aliyefungiwa nje. Kabla ya maumivu niliona mwanga wa kupindapinda, kama kioo kilichovunjika kinachowaka. Kisha natapika, jua linanichoma, hata kuku akilia namwona adui. Naingia ndani, nafunga mlango, nalala gizani. Kesho yake naamka mzima, naokota korosho kuwashinda wote. Na hapo ndipo nilipojiharibia. Ukiumwa wiki nzima watu wanakuletea uji. Ukipona upesi wanakuita mvivu.

Mama mkwe wangu, Mama Fabiani, alikuwa na maelezo mawili na hakutaka kuchagua. Asubuhi nilikuwa mvivu, jioni nilikuwa na jini. "Jini gani hili," aliwaambia majirani makusudi nisikie, "linalojua msimu wa korosho umefika?" Ilikuwa hoja nzuri. Ningekuwa si mimi, ningecheka.

Kitabu nilikipata stendi ya Masasi, nilikopeleka kuuza korosho nilizobangua. Muuzaji alikuwa ametandaza vitabu juu ya turubai, na jalada la kimoja lilikuwa na mwanamke aliyeshika upande mmoja wa kichwa. Nikasimama. Sura ile nilikuwa naiona kwenye kioo changu. Aliyekiandika ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na hakuwaandikia madaktari wenzake, alituandikia sisi. Nikamwambia muuzaji jalada limefifia, kurasa zimejikunja, na wenye ugonjwa huo wakiumwa hawawezi kusoma, kwa hiyo asitegemee wateja. Akacheka, tukabadilishana kwa korosho. Nimefanya biashara nyingi maishani. Hakuna ambayo nilimpunja mtu kama hiyo.

Sasa turudi barazani. Kwenye ukoo ule neno la mjomba lilikuwa la mwisho, na huyu alikuwa na heshima ya ziada. Mara kwa mara alijifungia ndani, dirisha limezibwa kwa kitenge, na watu walisema anaongea na mizimu. Siku hizo dada yake, ambaye ndiye huyo mama mkwe wangu, alifukuza kuku wasipite hata karibu na ukuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sema, binti wa Lupaso. Na useme kwa kifupi."

"Sisemi mimi, mjomba. Nitasoma."

"Haya, kaja na wakili wa karatasi," akasema Mama Fabiani. Watu wakacheka.

Nikasoma. Kwamba kipandauso si uvivu wala jini. Ni ubongo unaoshtuka upesi kuliko wa wengine. Kwamba wapo wanaoona mwanga uliovunjika vipande kabla ya maumivu. Kwamba njaa, kiu, jua kali na kukosa usingizi vinaweza kukiamsha kipandauso.

Mjomba akakohoa. "Rudia hapo."

"Pa kiu?"

"Pa mwanga."

Nikarudia. Akauliza taratibu, "Huo mwanga, unaanzia pembeni?"

"Kwangu unaanzia pembeni, mjomba."

"Halafu unakua."

"Unakua mpaka sioni uso wa mtu."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mjomba akavua kofia, akagusa chale za zamani karibu na jicho la kulia. "Nilichanjwa hapa nikiwa kijana. Haikusaidia kitu." Akamgeukia dada yake. "Mimi nikifunga mlango unaniletea uji na kufukuza kuku. Huyu akifunga mlango unamwita mvivu. Na ni kichwa kilekile!"

"Lakini kaka, si wewe huwa unaongea na mizimu?"

"Huwa natapika kwenye ndoo," akasema mjomba.

Mwanangu, hapo kesi ilikwisha. Lakini yeye hakuinuka. Akanitaka nirudi pa kiu, kisha akaniuliza shambani nakunywa maji saa ngapi. Nikamwambia ukweli: wakishakunywa wote. Unajua huku kwetu juu maji yalivyokuwa, yanapandishwa mlima kichwani, na mke mwema alikuwa yule anayekunywa mwisho. Dumu lilikuwa linakauka kabla halijanifikia. Na shambani tulikwenda bila kula.

"Kuanzia kesho," akasema, "dumu linaanzia kwake. Na asitoke bila kutia kitu tumboni."

Kulipokucha Mama Fabiani alinikabidhi dumu kwa mikono miwili. "Kunywa," akasema, "usije ukatuletea kitabu cha pili." Nikanywa mbele ya wakwe, nikanywa tena. Maji matamu kama yale sijayapata.

Baadaye mimi na mjomba tulikwenda hospitali Newala, yeye mbele, mimi nyuma na kitabu. Tukapewa dawa, tukaambiwa tumeze maumivu yanapoanza tu, tusingoje yapande, wala tusizoee kumeza kila siku, maana dawa ikizidi nayo huleta kichwa. Kichwa hakikuisha. Mimi nacho tuliafikiana bei: kinakuja mara chache, nami nakipa heshima yake. Misimu yote niliyovuna tangu hapo, hakuna aliyetaja tena habari za kunirudisha Lupaso.

Kwa hiyo nisikilize. Kichwa chako kikiuma usikubali watu wakipe jina kwa niaba yako. Nenda kwa mwenye kukijua. Kula kabla ya jua kukukuta. Kunywa maji bila kuomba radhi. Na ukimwona mwenzako amefunga mlango, usianze kwa kumwita mvivu. Fukuza kuku kwanza, maswali yatafuata.

Mungu akupe kichwa chepesi, mwanangu, na watu wa kukushikia dumu unywe mpaka utosheke.