Mguu wa Klachi

Mtaa mzima ulimwita Gia Nne, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa ufundi saa. Saa za kutia ufunguo alizipokea kwa mikono miwili. Za betri alizishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Aliwadharau wanaotazama saa kwenye simu, akawadharau wanaovaa saa kubwa zisizokwenda. Lakini dharau iliyonona hasa, ile aliyoifuga na kuilisha kila siku, aliwawekea watu wanaoendesha magari ya otomatiki.

"Dereva wa mguu mmoja," aliwaita. "Leo gari linamchagulia gia, kesho litamchagulia mke."

Yeye alikuwa na gari la gia, gari la Kifaransa lenye miaka arobaini na ushee, rangi ya chai ya maziwa, na alilitaja kama mtu: Mfaransa. Mfaransa hajaamka vizuri leo. Mfaransa hapendi mafuta ya kituo kile. Plagi zake alizisugua kwa mswaki mpya, ilhali mswaki wake mwenyewe ulikuwa umebaki mabua. Kitasa cha mlango kilipovunjika, na spea ikakosekana kila alikouliza, alikaa siku nne dukani kwake akichonga kingine kwa tupa za saa, wateja wamesimama mlangoni wakingoja. Klachi ya gari hilo ilikuwa nzito mno. Ukiikanyaga mara mia kwa siku, usiku unalala na mguu juu ya mto. Gia Nne aliona uzito huo ni cheti. Kwa kinyozi, mbele ya watu, alikuwa ameapa kwamba siku mguu wake ukishindwa klachi, hatastahili hata kufungua mlango wa gari.

Watu walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka kikamziba macho.

Ungedhani basi kwamba angalau angemheshimu shemeji yake. Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, aliendesha gari la mikate: gari la gia, kuanzia alfajiri, maduka arobaini kwa siku, simama, ondoka, simama, ondoka, kwa miaka ishirini na miwili. Kama kuna mguu wa kushoto uliofanya kazi katika mji ule, ulikuwa ule. Wapi! Gia Nne alimwita Mkate, tena usoni kwake.

"Huyo haendeshi," alisema. "Huyo anasukuma mikate. Kuendesha ni akili."

"Ndiyo, shemeji," Mkate alijibu, akicheka, na kumwachia dada yake mikate miwili mezani.

Siku goti la kushoto lilipoanza kumuuma, Gia Nne alilaumu kiti cha dukani. Lilipovimba, akalaumu ngazi. Mwishowe akaenda hospitali kimyakimya, akisema nyumbani kwamba anakwenda kutafuta spea. Daktari alilikunja goti, akalikunjua, akasikiliza linavyolia.

"Limelika, mzee. Unaendesha gari?"

"Naendesha."

"Otomatiki?"

Gia Nne alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama. "Ya gia."

"Basi iache. Au utafute otomatiki."

Aliondoka bila kuchukua hata karatasi ya dawa.

Mtu mwingine angemwambia mkewe. Huyu alijifunza kuendesha bila klachi. Jambo hilo linawezekana, msibishe. Unazima injini, unaingiza gia ya kwanza, halafu unapiga starta. Starta inalikokota gari zima hatua tatu nne mpaka injini ishike, na gari linaondoka kwa kurukaruka. Likishachanganya, unaachia mafuta kidogo, unaitoa gia, unasikiliza sauti ya injini ikishuka, na pale sauti inapolingana na mwendo unaisukuma gia ya pili taratibu. Ukipatia, inaingia yenyewe. Ukikosea kidogo tu, giaboksi inasaga meno mpaka wapita njia wanakunja nyuso. Sikio la fundi saa lilimsaidia, simnyimi haki yake. Katika kila mara tano alipatia nne. Hiyo ya tano ndiyo iliyokuwa ikila chuma.

Akaanza kukwepa taa za barabarani. Safari ya dakika kumi ikawa ya nusu saa, kwa kupita uchochoro huu na kutokea ule, ilimradi asisimame.

Aliyeumia ni mkewe. Mama huyo alifuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba, na tusifichane, kuku hao ndio waliolisha nyumba tangu watu walipoacha kuvaa saa. Kila Jumamosi mume alimpeleka kusambaza mayai madukani. Sasa kila Jumamosi gari liliondoka kwa kuruka kama mbuzi, na trei zikagongana.

"Leo kumi na moja," mkewe alisema siku moja, akifuta kiini kwenye sketi.

"Barabara mbovu."

"Barabara ni ileile, mume wangu."

"Wewe unajua nini habari za gari? Huu unaitwa ufundi. Madereva wa mashindano ndivyo wanavyobadilisha gia."

Mkewe akamalizia kufuta sketi. Tangu siku hiyo akawa anazipakata trei mapajani, mbili mbili, kidevu juu ya mayai. Mume aliona, na bado akaendelea na ufundi wake.

Mwezi haukuisha. Jumanne moja starta ilitoa harufu ya kuungua na haikulia tena. Walipolisukuma likawaka, gia ya pili ikaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje, na ya tatu ikawa inachomoka yenyewe. Likavutwa kwa kamba hadi kwa fundi giaboksi, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi chini ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Fundi alikaa nalo siku mbili, kisha akamwita mwenyewe.

Vyuma vilikuwa vimepangwa juu ya gunia.

"Mzee, hii sahani ya klachi niliifunga kwa mkono wangu mwaka juzi," fundi alisema. "Iangalie. Kama imetoka dukani leo." Akaiweka chini, akaokota pete ya shaba iliyolika mpaka ikawa nyembamba kama ukucha. "Hizi ndizo zinazopatanisha mwendo gia zikiingia. Zimekwisha zote. Oili ilitoka na vumbi la chuma. Starta imeungua. Nani anaendesha gari hii?"

Hapo palikuwa na tairi kuukuu la kukalia. Mwenye akili angelikalia na kusema: goti, fundi, ni goti. Ingekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo kila mtoto analijua, lakini mzee wetu alikuwa na kiapo chake kwa kinyozi, na kiapo kilimuuma kuliko goti.

"Shemeji yangu," alisema. "Yule wa mikate. Nilimwazima kama mwezi hivi. Si unajua tena watu wa kukimbizana na maduka."

Fundi alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Wa ile gari nyeupe?"

"Huyohuyo."

"Gari yake naihudumia mimi, mwaka wa tisa huu. Giaboksi sijaifungua hata mara moja."

"Ya kazini anaitunza. Ya watu, hata hajali."

Uongo ulimtoka umenyooka vizuri kuliko gia yoyote aliyowahi kuingiza. Na kwa kuwa siku ya mnafiki haikosi shahidi, gari la mikate likakata kona na kuingia pale pale, muda wake wa kubadilishwa oili umefika. Mkate akashuka, akawasalimu wote wawili. Fundi hakupenda kuacha kitu kimekazwa nusu, kwa hiyo hakungoja.

"Shemeji yako anasema wewe ndiye umeimaliza giaboksi hii."

Mkate akachuchumaa kwenye gunia. Alizitazama pete, akaitazama starta, akaishika sahani ya klachi na kuigeuza pande zote mbili. Kisha akainua macho. Gia Nne alikuwa amesimama uzito wote kwenye mguu wa kulia, mkono juu ya boneti, mguu wa kushoto unagusa ardhi kwa adabu tu. Mtu aliyekanyaga klachi miaka ishirini na miwili hahitaji kuelezwa na daktari.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Nisamehe, shemeji."

Gia Nne angestahili kushukuru kimoyomoyo. Badala yake alichukia. Kicheko angekijibu kwa kicheko kikubwa zaidi, matusi angeyarudisha na riba. Huruma hakuwa na pa kuiweka. Na hapa ndipo ninaposhindwa naye kabisa, maana alikohoa, akasema:

"Siku nyingine uwe mwangalifu."

Fundi akainama kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Nitakuwa mwangalifu," Mkate akasema. "Na kwa kuwa nimeharibu, acha nifidie. Kila Jumamosi nikimaliza mikate nitakuja niendeshe mimi, nimpeleke dada na mayai yake. Wewe utakaa pembeni uniangalie nisiharibu tena."

Mlango wa kutokea kwa heshima ulikuwa umefunguliwa wazi, na mzee akaupita bila hata kumwangalia aliyeushika. Nyumbani alieleza kwamba alimwazima Mkate gari mwezi mzima, naye ameua giaboksi. Mkewe akachukua simu papo hapo, akamporomoshea mdogo wake maneno ambayo hakuwahi kumwambia tangu utotoni: mharibifu, asiyejua thamani ya kitu cha mtu, mwanamume mzima anaazimwa gari anarudisha mabati. Upande wa pili wa simu wana wa Mkate walikuwa wakila, wakasikia yote. Mkate alijibu, "Ndiyo, dada. Nimekosa, dada." Gia Nne alikuwa kwenye kiti chake na saa ya mteja mkononi, akiitia tone la mafuta. Roho ilimsuta, lakini alikuwa na mazoea ya siku nyingi ya kutoisikiliza.

Kwa kinyozi ndiyo kabisa. "Aliniharibia," alitangaza, "sasa nimempa adhabu. Ananiendesha kila Jumamosi." Watu wakacheka, wakamsifu kwa msimamo.

Spea zilipopatikana na gari likafungwa, Jumamosi ikafika. Mkate alikuja bado ana unga kwenye mikono ya shati. Dada yake alikaa nyuma na trei zake, hakumjibu salamu. Gia Nne akaketi mbele, upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika gari lile, akaanza kufundisha.

"Klachi, Mkate. Mpaka chini."

"Sawa, shemeji."

"Usiikimbize gia. Isubiri."

"Sawa, shemeji."

Gari liliondoka bila kushtuka. Gia ya pili iliingia, ya tatu ikaingia, na kama mtu angefumba macho asingejua zimeingia saa ngapi. Duka la kwanza, la pili, la tatu. Walipotoka la tatu, mkewe alizikagua trei zilizobaki, moja moja, akazifunika.

"Hata yai moja halijavunjika," alisema.

Mkate akaingiza gia ya pili, dada yake akaendelea.

"Mayai kumi na moja yale, aliyekuwa akiendesha ni nani?"

"Mama, tuko barabarani," mumewe akasema.

"Nauliza tu. Maana ulisema ulimwazima gari mwezi mzima. Mwezi huo kila Jumamosi nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe, na huyu sikumwona. Siku nyingine gari lilikuwa chini ya dirisha langu, na huyu sikumwona. Ulimwazima saa ngapi?"

"Dada, mwache," Mkate akasema. "Tuna kilima mbele."

"Nyamaza na wewe! Nimekutukana mbele ya wanao, unaniitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Mjinga na wewe pia." Sauti yake ilipasuka. "Kwa hasira sikupiga hesabu, nikamtukana mtoto wa mama yangu kwa ajili ya goti la mtu. Ulidhani sikuoni unavyoshuka kitandani? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Uniambie mimi, si fundi, si kinyozi. Mimi."

Kilima kilianza. Mkate akarudisha gia ya pili, injini ikaunguruma na vioo vikatetemeka. Gia Nne alitazama nje, kwenye ukuta mrefu wa karakana ya matofali uliokuwa ukipita polepole. Aliona aibu, aibu tupu, isiyo na mtu wa kuitupia. Hatimaye midomo yake ikacheza.

"Unasemaje, shemeji?" Mkate akauliza.

"Nimesema nisamehe."

"Sikusikii. Gari yako hii ina kelele."

Kama kweli hakusikia, sijui. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Nimesema nisamehe!" mzee akapaza sauti.

"Kwa nini?"

Na Gia Nne, shingo imemtoka mishipa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Sikukuazima gari! Ni mguu wangu! Mguu wangu umeshindwa klachi!"

Wakati huo huo walikuwa wamefika kileleni. Mkate alishakanyaga klachi na kuachia mafuta ili asimame kwenye duka la mwisho, injini ikatulia, na maneno yale yakatoka dirishani peke yake, yakaenea barazani kote. Watu watano waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mwenye duka, aliyesimama mlangoni akisubiri mayai yake, akaja hadi kwenye dirisha la abiria na kuinama.

"Mguu umefanyaje, mzee?"

Mkewe akainamia trei zake, akihesabu mayai. Mkate akavuta handibreki, akaiweka mikono mapajani. Safari hii ndani ya gari hapakuwa na mtu wa kumjibia.