Dawati la Magurudumu Katika Korido ya Hazina

"Imeandikwa magurudumu!"

"Fundi, hakuna dawati la shule lenye…"

"Ukurasa wa kumi na saba! Manne, yanayozunguka pande zote!"

"…labda shule ya udereva!"

Saa tatu asubuhi, Jumatano, korido ya hazina ya mkoa imezibwa na dawati. Ni jipya, bado linanukia vanishi, na miguu yake minne ina magurudumu. Huku kalishika fundi seremala aliyelitengeneza. Kule kalishika afisa manunuzi wa halmashauri, anayetaka litoke kabla mhazini hajaliona. Wanavutana, na dawati lenyewe halina msimamo: linamfuata mwenye nguvu.

Mlango wa chumba namba sita unafunguka. Anatoka mwanamke wa miaka hamsini na tisa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Jamani, mnagombea urithi?"

Humu ndani wanamwita Mama Kurasa. Kazi yake ni kuzisaidia halmashauri za mkoa kuandaa zabuni. Anapitia kila kabrasha kabla halijatangazwa, na siku za Jumatano anapokea mafundi na wenye maduka madogo wanaohangaika na fomu. Wenzake hukimbilia ukurasa wa mwisho, wa bei. Yeye husoma zote, hata ule mtupu.

"Ule mtupu ndio naushuku zaidi," anasema.

Miaka thelathini na moja kwenye kazi, hajawahi kurudishiwa kabrasha hata moja.

Fundi anajieleza. Zabuni ya madawati mia mbili na arobaini, iliyotengwa kwa mafundi wa hapahapa, inafungwa keshokutwa saa nne. Karakana yake ina wafanyakazi sita, na kwa miezi miwili wameshindia vigoda na vitasa vya milango. Akiikosa hii, wanne itabidi awaage.

"Sikuja kugombana, Mama. Nina swali moja tu: breki. Hamkuandika breki. Nilimkalisha mke wangu kulijaribu, akaenda nalo mpaka banda la kuku. Sasa darasa zima la watoto si litahamia kata ya pili?"

Korido nzima inaangua kicheko, isipokuwa watu wawili. Afisa manunuzi anakagua viatu vyake. Mama Kurasa kavaa miwani, na kidole chake kimefika ukurasa wa kumi na saba wa kabrasha la zabuni.

"Vitanda," anasema polepole. "Hizi sifa ni za vitanda vya zahanati. Zabuni ya mwaka jana."

"Nilinakili, Mama," afisa anakiri. "Nilitaka jedwali tu. Magurudumu yakaja yenyewe."

"Ndiyo tabia yake," fundi anadakia.

Mama Kurasa hacheki. Anafunua ukurasa wa mwisho. Chini kabisa pameandikwa "Nimepitia na kuridhika", na sahihi ni yake.

Afisa anamsogeza pembeni kidogo, ingawa kila mtu anasikia.

"Mama, tumwambie fundi ayang'oe kimyakimya, yaishe. Umebakiza miezi minane tu ustaafu."

"Na wale wanne wengine waliochukua fomu?"

Afisa anarudi kukagua viatu vyake.

"Wao waweke magurudumu, bei ipande, washindwe kwa kosa la kututii? Hapana, mwanangu. Tukimwambia mmoja, tuwaambie wote."

Anarudi chumbani, anaandika waraka wa marekebisho. Magurudumu yafutwe. Muda usogezwe wiki moja. Waombaji wote watano waarifiwe leo hii. Chini anaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemdai: "Kosa hili lilipita mikononi mwangu." Kisha anaupeleka mwenyewe kwa mhazini.

Fundi anasubiri amekalia dawati lake, mguu mmoja chini, ndiyo breki yenyewe. Afisa anasubiri amesimama.

Dakika ishirini. Kinachotoka kwanza mle ndani ni kicheko cha mhazini. Halafu anatoka Mama Kurasa, waraka mkononi umeshasainiwa.

"Kasemaje?" afisa anauliza.

"Kasema afadhali tumeliona sisi leo kuliko mkaguzi kesho, madawati yameshateremka mlima." Anaegemea ukuta, anashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. "Na mimi kanipa barua ya onyo, ya kwanza maishani. Nitaiweka kabatini na vyeti vyangu. Usiku nitalala."

Afisa anajifuta jasho, anacheka kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo nimeshinda?" fundi anauliza.

"Hujashinda. Ila ukishindwa, utakuwa umeshindwa kwa haki."

"Hapo sawa, Mama."

Afisa anauliza atafanya nini baada ya kustaafu. Mama Kurasa anapitisha kiganja kwenye ubao wa dawati, taratibu, akifuata mistari ya mbao.

"Nimepitisha madawati zaidi ya elfu tisa mkoa huu. Najua unene wa ubao, najua misumari mingapi. Sijawahi kupigilia hata mmoja."

Anamgeukia fundi.

"Hili halihusiani na zabuni. Ushinde, ushindwe, na usinijibu leo, nijibu nikishakabidhi ofisi. Lakini baada ya miezi minane, fundi wangu, naomba unipokee karakanani. Nianze hata kwa kufagia. Nifundishe useremala."