Mahari ya Shimpanze

Mimi ni mukali, nasema mbele: kuwapa foto zetu wale jamaa wa shirika lingine, la upande wa Lac Vert, sikutaka hata kidogo. Sisi, shirika letu dogo la Murara, tunafunga kamera kwenye miti ya musitu juu ya Kibati, tunanyeshewa, tunaumwa na siafu, halafu wao waziweke kwenye raporti yao? Aa, hapana!

Lakini mama wa biro ya mazingira, mutu wa leta, wa serikali, alituita wote mukutanoni, akasema habari za wanyama wa pori hazina mwenyewe. Sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikuwa zinanukia palepale. “Hakuna anayekula kabla hajafungua ordinateri yake na kuonyesha foto zote.” Yule mama anatujua sawasawa.

Mwenye uchungu alikuwa papa wetu, muzee anayefuata nyayo za wanyama porini. Miaka yote alimufuata mama shimpanze mumoja mwenye sikio lililokatika. Tangu risasi zilipolia upande ule, hakumuona tena. Alimutafuta mpaka akachoka, akatuambia tuandike kwamba amekufa, na tangu siku hiyo hakucheka.

Basi jamaa mumoja wa Lac Vert akaanza kuonyesha foto zake ukutani. Majani, majani, nguruwe, majani. Ghafla papa akasimama, kiti kikaanguka.

“Rudisha nyuma!”

Sikio lilelile! Na tumboni kwake, mutoto ameng'ang'ania. Kumbe alihamia tu upande wa pili wa mulima, na sisi hatukuwahi kuulizana.

“Huyu ni wetu,” papa akasema.

“Wenu namna gani?” jamaa akajibu. “Amezaa kwetu!”

“Ala! Mulioa bila kuposa?” nikadakia. “Leteni ng'ombe!”

Biro nzima ikaangua kicheko. Jamaa akapiga magoti mbele yetu kama mukwe: ng'ombe hana, atatoa foto zote na mahali zilipopigwa. Nikamuambia binti yetu haendi mikono mitupu, nikamupa zetu zote, mimi huyu mukali! Furaha ilinijaa mpaka nikapiga vigelegele.

Papa hakuingia kwenye muchezo wetu wa mahari. Alikuwa amesogea mpaka ukutani, kidole juu ya yule mutoto kwenye foto. Kisha akamugeukia jamaa, kwa heshima yote.

“Muniruhusu nije kwenu Jumatatu,” akasema. “Mujukuu wangu nimuone.”