Bei ya Shati Langu

Ujanani hakukuwa na kitu cha kunishangaza, mwanangu. Shule niliishia la nne, lakini kabla sijaoa nilikuwa na malori mawili ya mawe, na Ilemela yote wananijua. Maneno ya watu hayakunipata. Nilijisifu hivyo mwenyewe.

Siku ile nilikwenda kwa Bibi Kabula, mwenye kiwanja pale ufukweni. Nilitaka kununua mwamba wake niupasue kokoto. Wapasuaji nilishawapa laki nane mkononi, maana sikudhani mjane angenikatalia. Chini ya mwamba amelala bibi wa mama yake, mwanamke aliyewahi kuuzwa utumwani. Uzeeni, akiwa huru, aliyasema maisha yake na mwanawe akayaandika. Desturi ya ukoo ule, anayetaka ardhi yao kwanza anakaa pale mwambani, anasomewa maneno hayo.

Nikamwamkia bibi, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Nilitegemea laana au kilio. Vyote viwili nilijua kujikinga navyo.

Akafungua daftari la ukoo, akasoma. Yule mama aliyelala chini ya mwamba hakulia wala hakulaani katika maneno yake. Alisimulia kamba ya shingoni, miguu iliyovimba, binti aliyeachwa njiani, polepole kama anayekuelekeza kisimani. "Aliyeninunua hakuwa mtu mbaya," alisema. "Alikuwa na haraka tu." Hapo nikajikuna, maana haraka ndiyo iliyokuwa sifa yangu.

Tangu nifike, Bibi Kabula alikuwa anakohoa. Alipoanza kusoma hakukohoa tena. Upepo ulikata. Kule ziwani wadudu walikuwa wamepaa kama moshi mweusi, na moshi ule umesimama tu, hauendi popote.

"Niliuzwa kwa nguo," akasoma. "Wewe unayenisikia, hiyo uliyovaa umeinunua kiasi gani?"

Akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shati lilikuwa jipya, mdomo wangu ukaenda wenyewe: "Elfu thelathini na tano, bibi. La dukani hilo, si mtumba."

Akafunua ukurasa.

"Basi ni mimi uliyenivaa. Kaa vizuri, usinikunje."

Nikaomba nione. Nikafuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Ndivyo ilivyoandikwa, kabla baba yangu hajazaliwa.

"Alijuaje kwamba nitakuja?" nikauliza.

"Hakukujua," akasema bibi, na kikohozi kikamrudia. "Alijua mtajibu. Akaacha nafasi, mjukuu wangu."

Nikavua shati, nikalitandaza pale mwambani. Nikarudi nyumbani Buswelu na singlendi, watu wananicheka njia nzima. Mwamba upo hadi leo.

Wanasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mimi nilitolewa na swali dogo. Ukiwa na neno la haki, mwanangu, usipige kelele. Uliza, kisha acha nafasi. Na wewe ukiulizwa bei ya kitu, heri kujikwaa dole kuliko ulimi; tazama kwanza ni nani aliyeilipa.

Mungu akupe masikio mapana, akuepushe na haraka. Mimi aliniponya kwa bei ndogo. Pesa ya wapasuaji haikurudi, na shati sikulifuata: laki nane na elfu thelathini na tano.