Punda wa Kumbeba Mama

Wanaonifahamu kule nyuma ya Mtinko wanajua kwamba sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtakachonijibu. Yalinitokea mimi, mchana, jua likiwa utosini, na kama kuna mtu anayetamani yawe uongo, mtu huyo ni mimi.

Zilikuwa enzi za ruksa. Mnaikumbuka miaka ile? Maduka yalijaa sabuni na sukari, mitumba ikamwagwa minadani, na vijana wote wa kwetu wakakimbilia biashara. Lori la ushirika lililokuwa likija kuchukua alizeti, na likirudi mjini linabeba wagonjwa, likaacha kuja. Wakati huo huo mama yangu akaanza kuumwa nyonga. Mwanzoni alitembea na fimbo, baadaye akawa wa kukaa tu kwenye ngozi mlangoni. Kutoka kwetu hadi barabara ya basi la kwenda hospitali mjini ni mwendo wa asubuhi nzima. Baiskeli hakuiweza. Na machela? Wa kuibeba walikuwa wapi?

Nilikuwa na punda jike mmoja kijana, hajawahi kubeba hata debe la maji. Nikasema, nitamfundisha huyu ambebe mama.

Kumfundisha punda kupandwa ni kazi ya subira. Kwanza nilimwacha alinuse tandiko, gunia nililolijaza majani makavu na kulishona. Kesho yake nikamwekea mgongoni na kulitoa, kuliweka na kulitoa, hadi akaacha kutetemeka. Nikafunga mkanda wa tumbo. Nikampakia mchanga, kidogo kidogo, siku nyingi. Halafu nikaanza kumlalia kwa kifua, miguu yangu ikiwa bado chini, huku nikimkuna shingo. Mama alikuwa akitutazama kutoka mlangoni na kucheka.

"Usimpige," aliniambia. "Akikuogopa wewe, ataniangusha mimi."

Sikumpiga hata siku moja.

Siku niliyokaa mgongoni mwake mara ya kwanza alisimama kama jiwe. Siku iliyofuata akatembea uani. Ya tatu nikamtoa mbali na nyumbani, nimpeleke hadi kwenye majabali makubwa na kurudi. Huko ndiko alikonishinda. Aliniangusha mara mbili. Nilipompanda tena akagoma, masikio nyuma, hataki kusogea hata hatua moja. Nikashuka, nikakaa chini kwenye mchanga, nikalia. Niaminini, mtu mzima mwenye watoto wake. Mama alikuwa hajafumba macho usiku kucha kwa maumivu.

Nilipoinua kichwa, kulikuwa na mzee amesimama kando ya jabali. Amevaa koti zito la mtumba, yale ya nchi za baridi, refu hadi magotini, vifungo vyote vimefungwa. Katika jua lile! Na usoni hana hata tone la jasho.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Kwetu, mzee asipoitikia shikamoo unajiuliza kuna nini. Mimi sikujiuliza. Yeye alikuwa anamtazama punda.

"Mchanga ameuzoea," alisema. "Mtu bado. Nipe kamba nimtulize."

Habari za mchanga alizijuaje? Hilo nililiwaza baadaye. Wakati ule nilimpa kamba. Akapanda bila kuruka, kama mtu anayekaa kwenye kigoda, na punda akatulia papo hapo. Wakaondoka taratibu, wakalizunguka jabali.

Nikasubiri. Punda akatokea upande wa pili peke yake, kamba inaburuta. Nikalizunguka lile jabali lote. Alama za kwato zilikuwepo, zimezama zaidi kuliko zilivyozama nilipompanda mimi. Nyayo za mtu hakuna. Nikaweka kiganja kwenye tandiko. Lilikuwa baridi kama mtungi, limebonyea katikati, na halikuinuka.

Nilirudi nyumbani nikimwongoza kwa miguu, naye akanifuata kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo kosa langu. Mimi mwenyewe sikuthubutu kumpanda tena. Lakini mama yangu, kesho yake alfajiri, nilimpandisha. Nilijiambia punda ametulia, na maumivu hayangoji.

Tulikwenda vizuri mpaka jua likapanda. Ndipo mama akasema, "Mwanangu, huyu uliyempandisha mbele yangu ni nani?"

"Hakuna mtu, mama. Tulia."

"Mwambie asogee. Koti lake linanikwaruza uso."

Habari za koti sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

"Nishushe," akasema mama.

Ningemshusha, ningemlaza wapi? Pori kushoto, pori kulia, na basi halingoji. "Tunakaribia, mama," nikasema, nikaivuta kamba. Akaniomba tena, na tena, sasa kwa Kinyaturu chetu cha nyumbani, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia nilipokuwa mdogo. "Tunakaribia," nikasema. Halafu akanyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba amenyamaza.

Barabarani, utingo wa basi alikuja kunisaidia kumshusha. Alimgusa, akanitazama, akavua kofia. Mama alikuwa ameshafariki. Alikuwa ameinamia mbele, mikono yake imezunguka hewa, kama mtu aliyeshika kiuno cha mwenzake. Mikono ile haikunyooka. Tulimzika hivyo hivyo. Watu walipokuwa wakihangaika naye pale, punda aligeuka akairudia njia tuliyotoka, taratibu, bila wa kumwongoza. Sikumfuata. Hajaonekana hadi leo.

Dada yangu aliyeolewa Sepuka alifika siku ya maziko. Akaniuliza mama alisema nini mwishoni. Nikamwambia alikuwa anasali. Kila tukikutana ananiomba nimsimulie tena, maana inamfariji, nami nasimulia, na kila mara sala ya mama inazidi kuwa ndefu. Nifanye nini? Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemuua mama mara ya pili, safari hii mbele ya binti yake.

Basi, sina dawa ya kuwapa, na maombi yangu mwenyewe hayajanisaidia. Mnyama unayemfundisha, kamba yake usimpe usiyemjua, hata ukiwa umechoka vipi. Na mgonjwa wako akikuambia kuna mtu, usibishane naye. Akiomba ashushwe, mshushe. Mlaze hapo hapo chini, kaa naye, umshike mkono, na hilo basi liache lipite.