Ujumbe Kwenye Simu ya Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama husema hata nikipewa ubwabwa wa shughuli nauchambua kwanza kama una mawe. Mtu wa namna hiyo asichaguliwe vyuo viwili kwa mpigo, maana nyumba nzima haitapumua.

Mimi nilichaguliwa viwili. Kimoja kilikuwa chuo cha uhasibu mjini, jengo la vioo, ambako ningekwenda na kurudi nyumbani kwetu Temeke kila siku. Kingine kilikuwa bara, chuo cha misitu, ambako wanafunzi huvaa buti na kulala kwenye mahema wakati wa mazoezi. Nilikitaka hicho cha misitu mpaka nikawa nakiota. Baba, mtunza stoo wa kiwanda kimoja Chang'ombe, hakusema anataka kipi. Alisema tu, "Tutaona." Kwetu neno hilo hutangulia kabla ya kunyimwa.

Aliyechaguliwa na vyuo viwili hutumiwa namba maalumu kwenye simu, akaiingize mtandaoni kuthibitisha kimoja. Asipothibitisha kwa muda uliopangwa, anakosa vyote. Wakati wa kuomba sikuwa na simu, nikaandika namba ya baba. Nywila yangu nayo aliitunza yeye, kwenye faili la vyeti. Kwa hiyo angeweza kunichagulia maisha akiwa amekaa stoo anakunywa chai.

Tangu tuko wadogo simu ya baba hukaa juu ya meza ya televisheni, haina namba ya siri, kila mtu anaishika. Wiki ile ikahamia mfuko wa shati. Nikaliona hilo. Nikaona pia anavyotoka uani kuongea na baba mkubwa wa Kigamboni, ambaye mwanawe ni mhasibu na ambaye hamalizi sahani ya wali bila kumtaja. Rafiki yangu wa mtaa wa pili alipata namba yake Jumatano. Nikamfuata baba.

"Baba, yangu bado haijaja?"

"Subiri mwanangu. Haraka ya nini?"

Hakusema haijaja. Nikalishika hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na chuki iliyonipanda siku ile naionea aibu mpaka leo.

Ijumaa alipita nyumbani kuoga kabla ya kwenda msikitini. Shati lake lilining'inia kwenye msumari wa mlango. Nikachomoa simu. Ujumbe ulikuwepo, wa Jumatano asubuhi, umeshafunguliwa. Nikaandika ile namba kiganjani, nikarudisha simu, nikanakili na nywila kutoka kwenye faili la vyeti, nikakimbilia duka la steshenari. Dada wa pale akanifungulia kompyuta, nikathibitisha misitu. Nilirudi nikanawa kiganja kwa sabuni ya kufulia, na jioni nikapika huku naimba.

Jumapili baba mkubwa akavuka kwa kivuko kuja kwetu. Tulipomaliza kula, baba akatandika mkeka, tukakaa wote, akatoa simu mfukoni.

"Kaka, ujumbe wa mtoto ulikuja Jumatano. Nimekaa nao kimya, jambo kama hili tusingelimaliza bila wewe mkubwa wetu. Mie uhasibu siujui, misitu siijui. Nataka achague mwenyewe, mbele yako, ili akienda huko porini asije mtu akasema kaondoka bila kuaga."

Baba mkubwa akakohoa, akanigeukia. "Haya mama, sema. Unataka kipi?"

"Misitu," nikasema, macho kwenye mkeka.

"Basi bonyeza sie tuone," baba akasema, akanipa simu pamoja na karatasi yenye nywila.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikafungua ukurasa taratibu, nikiomba mtandao ukatike. Haukukatika. Baba alivaa miwani, akainama, akasoma kwamba nimeshathibitisha, siku ya Ijumaa. Akasoma tena. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo: Ijumaa, kuoga, shati.

"Inasemaje?" baba mkubwa akauliza.

"Inasema imekubali," baba akajibu, akavua miwani. "Tumwombee dua."

Wakainua mikono, nami nikainua yangu.

Jioni ile simu ilirudi juu ya meza ya televisheni. Kesho yake niliishika kuangalia saa, ikaniomba namba ya siri. Mama anaijua. Wadogo zangu wanaijua. Mimi sijawahi kuambiwa, na sijathubutu kuuliza.