Vipepeo wa Kumkaribisha Mama Mkwe

Hii aibu nimekaa nayo kifuani karibu mwaka mzima, na nisingeitoa leo kama majirani wa mtaa wetu wa Amalemba hawangekuwa wameisimulia mpaka ikaota mkia. Wengine wanasema nilikuwa uchi wa mnyama, wengine wanasema nilikimbizwa na kondoo, kwa hivyo heri niwaambie mwenyewe kwa mdomo wangu, na mkicheka mcheke polepole kwa sababu mke wangu yuko jikoni na akisikia ataanza upya.

Kwanza mjue kwamba mimi nafuga vipepeo. Ndiyo, vipepeo. (Najua, kwa Mluhya kufuga kitu chenye mabawa halafu usikile ni karibu dhambi.) Ilianza na mlimau wetu wa nyuma ya nyumba, ambao ulikuwa na viwavi wanaofanana na mavi ya ndege, na Muhonja, mke wangu, akataka kuwapulizia dawa, mimi nikasema ngoja kidogo tuone, na nilipomwona mmoja akijining'iniza, akajifunga kifukofuko, kisha baada ya wiki mbili akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano akitetemesha mabawa mabichi, nilikwisha. Nikapanda maua. Nikashona neti tatu za mbu nikajenga kibanda kwa nguzo nne. Nikapanda pasheni kwenye ua wa waya mbele ya nyumba, si kwa sababu ya matunda, bali kwa sababu kuna viwavi weusi wenye miiba wanaoipenda kufa, ikatambaa ikafunika waya wote kutoka kona hadi kona mpaka mtu akipita nje unamsikia tu, humwoni. Pale mtaani nikaanza kuitwa Baba Viwavi, na sikukasirika.

Aliyekasirika ni mama mkwe wangu. Huyo anakaa Malinya, ni mjane, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mnyoofu, na habari za viwavi zilimfikia kabla sijamaliza kushona neti. Nilisikia kwamba aliwaambia watu, "Msichana yangu ameolewa na mtu wa kulishanga wadudu." Hakuniambia mimi, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawaongei hivi hivi. Hampeani mkono, hamketi karibu, ukimwona anakuja njiani unaingia hata kwenye miwa ya watu mpaka apite. Na haingii kwako wala hali chakula chako mpaka mambo yote ya mahari yaishe na umwite rasmi. Mimi mambo yaliniishia baada ya miaka tisa (msiniulize), kwa hivyo kwa miaka tisa Muhonja alikuwa amepika katika nyumba ile na mama yake hajawahi kuonja hata ugali wake. Mkitaka kujua siku hiyo ilikuwa na uzito gani, jueni hilo tu.

Basi siku ikapangwa, Jumamosi saa saba, Mama aje na wanawake wa kwaya yake, na kaka yake, Mjomba Shitsama, awe ndiye msemaji. Muhonja alisugua sufuria mpaka ukajiona. Mimi nikapaka nyumba rangi wiki nzima, sikugusa bustani, na nikiwa juu ya ngazi ndipo nikapata wazo. Nilitaka Mama akanyage tu langoni, vipepeo mia wainuke miguuni pake. Siku hiyo angeona kwamba msichana wake hakuolewa na mjinga.

Sasa, kipepeo humwiti kwa filimbi. Mtu yeyote aliyetembea kwenye barabara za udongo kule msituni ameona mahali ambapo ng'ombe amekojoa, vipepeo wamerundikana wananyonya unyevu, kwa sababu wanatafuta chumvichumvi. Muhonja akaniambia, "Si ukoroge chumvi na maji umwage hapo kwa lango." Ushauri mzuri kabisa. Lakini chumvi ya nyumbani ilikuwa kidogo na ilikuwa ya ingokho, kuku wa wageni, na duka liko nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi nilikuwa nimeshavaa suti na viatu vimeng'aa na njia ilikuwa vumbi tupu, na tena (hapa ndipo shetani alipoingia) asubuhi ile nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai. Nikajiuliza, kwa nini niende dukani kununua kitu ambacho ninacho?

Ilikuwa saa sita na kitu. Nikaenda langoni, nikageukia ua wangu wa pasheni, ukuta wangu wa kijani, nikaangalia nyuma kuhakikisha watoto hawapo, nikaanza kazi. Na sikufanya mahali pamoja kama mtu mwenye haraka, la, nilitandaza, kushoto, kulia, kwa mpango, kama mtu anayemwagilia sukuma wiki, ili vipepeo wengi wapate nafasi. Nilikuwa hata napiga mluzi.

Nikasikia mtu amekohoa, kikohozi cha mzee.

Nikainua macho. Ndugu zangu, mfugaji wa viwavi anapaswa kujua kitu kimoja, kwamba viwavi wakinenepa majani yanakwisha, na mimi wiki nzima nilikuwa naangalia rangi ya ukuta. Ule ua haukuwa na jani. Zilibaki kamba za pasheni na waya, na nyuma ya waya, umbali wa kuomba chumvi, walisimama wanawake tisa wenye vitambaa vya bluu kichwani, na Mjomba Shitsama na fimbo yake. Walikuwa wamefika mapema, wakateremka kwenye bodaboda pale kona, wakaja polepole kando ya ua ili wajipanguse vumbi na kufunga vitambaa vizuri kabla ya kuimba. Na katikati yao, mkoba mkononi, alikuwa Mama. Tulitazamana.

Mtu mwenye akili angegeuka. Mimi nilisema, "Mulembe, Mama." Na kama hiyo haitoshi, mkono wangu wa kulia ukajinyoosha wenyewe kupitia kwenye waya kumsalimia. Mkono ule ule. Miaka tisa sijawahi kumpa huyu mama mkono, nikachagua siku hiyo.

Mama akajifunika uso kwa leso, akageuka. "Shitsama!" akaita. "Shitsama, nitoe hapa!"

Nikatimua. Nilitaka kuvuta zipu nikikimbia, ikang'ata shati, ikagoma, basi nikaona siwezi kuingia nyumbani vile na watoto wako sebuleni, nikajitupa mahali pa karibu pa kujificha, ambapo palikuwa kibanda cha vipepeo. Nikafunga mlango. Nikapumua. Kisha nikakumbuka kwamba kibanda cha neti ya mbu ni kibanda cha kuonekana. Kule nje wanawake wanane (Mama alikuwa amegeuka) waliniona nikiwa nimeinama napigana na suruali, na vipepeo wapatao arobaini waliotoka kwenye vifukofuko asubuhi hiyo wananitua kichwani, masikioni, mgongoni. Nikavuta zipu kwa nguvu zote, kiwiko kikagonga nguzo, nguzo ikaanguka, na kibanda chote kikanishukia. Vipepeo wakapata upenyo wakaenda zao. Mimi nikabaki chini nimezongwa na neti, nikigaagaa.

Muhonja akatoka na mwiko mkononi. "Baba Ivy, unafanya nini huko chini?"

Akaniangalia, akaangalia zipu, akaangalia ule udongo umelowa langoni, akaangalia mgongo wa mama yake kule nje. Hakuhitaji kuelezwa. Nilidhani atanipiga na ule mwiko, na ningemshukuru. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Mama anaenda. Miaka tisa, na sasa anaenda." Hapo ndipo aibu ilinishika kweli. Ile ya mwanzo ilikuwa ya ngozi tu, hii iliingia ndani, nikajivutia neti usoni.

Mjomba Shitsama akaingia peke yake, fimbo mbele, akasimama juu yangu. Nikamweleza kila kitu nikiwa bado ndani ya neti.

"Kwa hivyo," akasema, "ulikuwa unakojolea vipepeo."

"Si kuwakojolea, Mjomba. Ni kuwaandalia."

"Kuwaandalia." Akafikiri. "Na wao ndio walikuambia wanatakanga hiyo?"

Nikavuta neti mguuni, ikazidi kunizonga. Mjomba akamgeukia Muhonja akamwambia asilie, mambo kama haya yana njia yake. Mama asingeweza kupita lango lile na alichokiona machoni, wala asingeweza kurudi Malinya nacho. "Mtafute kondoo," akasema. "Leo. Kuku haiwezi beba hii."

Kuna jirani nyuma ya mtaa anayefuga kondoo wachache, nikaenda. Kumleta ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe, kwa sababu kondoo wa Amalemba hajazoea kamba, kila baada ya hatua kumi analala, nami nimevaa suti yenye vumbi na unga wa mabawa ya vipepeo, navuta, na watu wanatoka milangoni kuuliza.

"Baba Ivy, kondoo ya nini?"

"Ya wageni."

"Lakini si wageni wanakulanga ingokho?"

"Leo wanataka kondoo."

"Wageni gani hao hawataki ingokho?" Na kwa kuwa hakuna Mluhya anayeweza kusikia jambo kama hilo akaendelea na kazi yake, walianza kunifuata. Nilifika nyumbani na kondoo mmoja na watu kama ishirini.

Mama alikuwa kwenye baraza la jirani, Mjomba alipomkalisha, amekaa kiti kimegeuzwa, uso ukutani. Mjomba akamshika kondoo, akasema maneno yetu ya Kiidakho, kwamba kilichoonekana kimebebwa na huyu, kisisemwe tena (kwaya ikaitikia, ingawa mimi nilijua kwamba kingesemwa kabla ya jua kutua). Mama akapokea kamba bila kugeuka. Kisha akatoa leso kwenye mkoba akampa Mjomba anifunge, ndiyo desturi, unanifunika nami nakufunika. Mjomba akanifunga kiunoni, mafundo mawili, akavuta sana. Nilishinda na hiyo leso mpaka jioni. Ilikuwa ya maua.

Basi wakaimba, wakaja kwa lango rasmi, na Muhonja amesimama pale akijipangusa macho. Na pale langoni, jamani, vipepeo walikuwa wamekuja. Wengi! Weupe, wa manjano, weusi wenye madoa, wamerundikana kwenye ule udongo hakuna pa kuweka kidole, na Mama alipoinua mguu wakainuka wote kwa pamoja, wakamzunguka mpaka kitambaa chake. Kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo. Ilikuwa vile vile nilivyoota juu ya ngazi. Mwimbaji mmoja akatoa simu, akapiga magoti karibu kabisa apige picha, akasema kwa mshangao, "Aki ni wazuri! Na hapa wanakunywanga nini?"

Wanawake wakatazama mawingu. Mjomba akakohoa kile kikohozi chake.

Muhonja ndiye aliyeanza. Ilitoka puani kwanza, akajaribu kuirudisha, ikashindikana, akashika lango, akaketi chini na gauni lake jipya, akacheka mpaka hakuna sauti, machozi yanatiririka, ananinyooshea kidole nikiwa na leso ya maua, na kila akijaribu kusema "samahani" anaishia njiani. Kwaya yote ikaangua kicheko naye. Yule wa simu alipoelewa alirusha mkono kama ameshika moto. Mama peke yake hakucheka. Alisimama akimwangalia binti yake, muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Alikula. Alikula obusuma, ule ugali wa binti yake, akala firigisi ya ingokho, akamwambia Mjomba awaambie jikoni kwamba mchuzi una ladha, na Muhonja akasikia mwenyewe kwa sababu alikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilikula nje, na kondoo.

Jioni wakiondoka nilisimama mbali, nimeinamisha kichwa, nikaona Mama anamvuta Mjomba kando. Tulikuwa hatua kumi tu, nilisikia kila neno, lakini desturi ni desturi, alipaswa kumwambia yeye aniambie mimi.

"Shitsama, ambia huyo mkwe. Muhonja akikujanga kwangu anakujanga na mizigo na haraka, hachekangi. Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza kama huko kwake kuna kicheko, na siwezi uliza. Leo nimesikia anacheka vile alikuwanga akiwa mdogo. Sasa nitalala." Akafunga mkoba wake. "Na umwambie choo iko nyuma ya nyumba. Nimeiona."

Mjomba akavuka zile hatua kumi, akanirudia maneno yote, moja moja, hasa ya choo. Nikaitikia kwa kila moja.

Vipepeo bado nafuga. Lakini tangu siku ile, hata niwe peke yangu katikati ya msitu, sifungui zipu mpaka nimeshika jani kwa mkono wangu nikahakikisha lipo.